Ushuhuda Ulio Juu ya Chupa: Alama za Mazingira katika Chakula, kwa Kuangalia Mkoa wa Singida

Utangulizi

Katika makala hii tunakusudia kueleza jambo ambalo kwa wengi wetu huonekana kuwa la wafanyabiashara na maofisa wa viwango tu. Jambo lenyewe ni alama zinazowekwa juu ya chakula ili mnunuzi apate kujua kama chakula hicho kimepatikana bila kuharibu ardhi, maji, misitu na hewa. Katika nchi za Ulaya alama hizo zimekuwa nyingi hata kuwachanganya wanunuzi. Hapa kwetu ni chache, na wengi hawajapata kuziona. Hata hivyo swali linatuhusu: je, alama ya namna hiyo yaweza kumsaidia mlaji wa Tanzania kuchagua chakula kisichoiharibu nchi, na wakati huohuo imsaidie mkulima au mfuga nyuki aliyekitoa?

Tumechagua Mkoa wa Singida kuwa mfano wetu kwa sababu hapo swali hili huonekana wazi. Ni mkoa wa katikati ya nchi, wenye msimu mmoja tu wa mvua katika mwaka, na katika sensa ya mwaka 2022 ulikuwa na watu zaidi ya milioni 2. Mazao yake yanafahamika mbali: asali ya Manyoni na Itigi, mafuta ya alizeti, vitunguu, na kuku wa kienyeji wanaosafirishwa mpaka Dar es Salaam. Msafiri apitaye barabara kuu ya kutoka Dodoma kwenda Mwanza huyakuta mafuta ya alizeti yamepangwa kando ya njia katika madumu na chupa zilizokwisha kutumika, mara nyingi bila maandishi yoyote. Mnunuzi hutazama rangi, husikiliza maneno ya muuzaji, kisha hulipa. Hajui mafuta hayo yametoka shamba gani, wala shamba hilo lilikuwa nini kabla ya kuwa shamba.

Hoja yetu kwa ufupi ni hii: alama ya mazingira ni ushuhuda juu ya jambo ambalo mnunuzi hawezi kuliona. Kwa hiyo haitoshi iwe nzuri ya kupendeza. Lazima iwe ya kweli, iweze kuchunguzwa, na itolewe na watu wanaoijua ardhi inayohusika.

1. Alama husema nini?

Yatupasa kwanza kutenganisha mambo mawili yanayochanganywa mara kwa mara. Alama ya ubora ya Shirika la Viwango Tanzania (TBS) humwambia mlaji kwamba bidhaa imefikia kiwango kilichowekwa. Tangu mwaka 2019 shirika hilo ndilo pia linalosimamia usalama wa chakula, kazi ambayo hapo awali ilikuwa ya Mamlaka ya Chakula na Dawa. Alama hiyo ina manufaa makubwa, na wakamuaji wadogo wengi wamesaidiwa na Shirika la Kuhudumia Viwanda Vidogo (SIDO) kuifikia. Lakini husema juu ya kile kilichomo ndani ya chupa. Mafuta yaliyokamuliwa kwa usafi yaweza kuipata hata kama alizeti yake ilipandwa mahali palipofyekwa mwaka uliotangulia.

Alama ya mazingira husema jambo jingine, yaani njia ambayo chakula kimepitia mpaka kufika mezani. Asali ya mzinga wa gome na asali ya mzinga wa mbao zaweza kufanana kwa rangi, kwa ladha na kwa uzito. Tofauti haimo katika asali, bali imo porini ilikotoka. Jambo hili si geni kwa msomaji wa Torati. Katika Kumbukumbu la Torati 22:6-7, mtu akutaye kiota njiani anaruhusiwa kuchukua makinda au mayai, lakini ameagizwa kumwacha mama yao aende zake. Yai ni lilelile kwa mlaji. Sheria inauliza limepatikanaje, na kama kesho kutakuwa na jingine.

Shirika la Kimataifa la Viwango (ISO) limezigawa alama za mazingira katika aina tatu, na kuzifahamu kutatusaidia. Aina ya kwanza ni alama inayotolewa na chombo cha nje baada ya kukagua kama mzalishaji ametimiza masharti yaliyotangazwa. Aina ya pili ni madai ya mzalishaji mwenyewe, kama vile anapoandika kwamba bidhaa yake ni ya asili tupu. Aina ya tatu ni taarifa ya hesabu: kiasi cha maji, cha ardhi na cha gesi zinazoongeza joto la dunia vilivyotumika kwa kila kilo, kuanzia shambani mpaka kwa mlaji. Kutokana na hesabu za namna hiyo kumetokea siku hizi alama za herufi na rangi, ambazo hukipa chakula A ya kijani au E nyekundu, kama mwalimu anavyosahihisha mtihani.

2. Yaliyojaribiwa katika nchi nyingine

Ujerumani Magharibi ilianzisha alama yake iitwayo Blue Angel mwaka 1978, nayo huhesabiwa kuwa ya kwanza ya namna hiyo iliyosimamiwa na serikali. Haikuhusu chakula, ila ilifungua njia. Katika chakula, mashirika ya kilimo hai ndiyo yaliyotangulia, na tangu mwaka 2010 Umoja wa Ulaya unaitaka alama yake ya jani la kijani iwekwe juu ya vyakula vya kilimo hai vilivyofungashwa ndani ya nchi zake.

Majaribio ya hesabu yamekuwa magumu zaidi. Mwaka 2007 kampuni ya maduka ya Tesco ya Uingereza iliahidi kuandika juu ya bidhaa zake zote, zilizofikia 70,000, kiasi cha gesi ya kaboni ambacho kila moja imesababisha. Mwaka 2012 iliuacha mpango huo. Kuipima bidhaa moja kulichukua miezi, na maduka mengine hayakufuata kama ilivyotarajiwa. Huko Ufaransa, alama ya herufi iitwayo Eco-Score ilianza kutumika mwaka 2021. Muda si mrefu watu wa kilimo hai walilalamika kwamba hesabu yake, kwa kuwa inagawanya madhara kwa kila kilo, humpendelea anayevuna kilo nyingi mahali padogo kwa mbolea za chumvichumvi na dawa, na kumshusha yule anayevuna kidogo lakini anaacha wadudu na udongo vikiwa hai. Mwaka huohuo walitokeza alama yao nyingine, Planet-score.

Madai ya wauzaji wenyewe nayo yamechunguzwa. Uchunguzi uliofanywa kwa ajili ya Tume ya Ulaya mwaka 2020 uliangalia madai 150 ya mazingira na kuona kwamba asilimia 53.3 yalikuwa hayaeleweki, yanapotosha, au hayana msingi. Mwaka 2024 Umoja wa Ulaya ulipitisha agizo linalozuia madai ya jumla yasiyo na uthibitisho pamoja na alama zisizotokana na ukaguzi wala mamlaka ya umma, na nchi wanachama zikapewa hadi Septemba 2026 kuanza kulitumia. Tunajifunza kwamba hata penye maabara, mahakama na magazeti mengi, ushuhuda wa chupani umekuwa wa uongo mara nyingi kuliko tulivyodhani.

3. Alama ya Afrika Mashariki

Sisi wenyewe hatukukaa mikono mitupu. Mwaka 2007 Jumuiya ya Afrika Mashariki ilipitisha kiwango kimoja cha mazao ya kilimo hai, kiitwacho EAS 456:2007, pamoja na alama yake, ambayo jina lake ni la Kiswahili: Kilimohai. Vyote viwili vilizinduliwa Dar es Salaam mwezi Mei mwaka huo. Kiwango hiki kilitayarishwa na mashirika ya viwango ya nchi zetu pamoja na vyama vya kilimo hai, na kwa upande wa Tanzania chama kinachosimamia jambo hili ni TOAM, kilichoanzishwa mwaka 2005.

Ubora wa Kilimohai ni kwamba kuna njia mbili za kuipata. Njia ya kwanza ni ukaguzi wa shirika la nje, unaofaa zaidi kwa mazao yanayokwenda nchi za mbali. Njia ya pili ni uthibitisho shirikishi. Wakulima wa eneo moja hujiunga katika kikundi, huandika masharti wanayokubaliana chini ya kiwango, hutembeleana mashambani, na kumbukumbu zao huangaliwa na chama cha taifa. Mkulima hukaguliwa na jirani yake anayejua ni lini alipulizia dawa na ni lini alichoma moto. Njia hii ni nafuu, na nguvu yake ni kwamba jirani hadanganyiki kwa urahisi kama mgeni aliyekuja kwa gari na kuondoka jioni. Udhaifu wake ni kwamba jirani pia ni shemeji, ni mdai, au ni mzee wa kanisa, na si rahisi kumwambia mbele ya watu kwamba amevunja sharti.

4. Mazao ya Singida na maswali yake

Tuanze na asali. Katika nchi ya miyombo mzinga wa asili hutengenezwa kwa gome au kwa gogo. Gome linapochunwa kulizunguka shina lote, chakula kinachotengenezwa na majani hakiwezi tena kushuka mizizini, na mti hukauka. Mzinga wa gome nao haudumu miaka mingi, kwa hiyo mti mwingine hutafutwa. Aidha, moto unaotumika wakati wa kurina, usipozimwa vema, hugeuka kuwa moto wa mbuga. Mizinga ya mbao hutumia miti pia, lakini hudumu zaidi na humwezesha mfugaji kurina bila kuua kundi. Basi mtu akiuza asali kwa jina la asili tupu, bado hajatuambia lolote juu ya mti.

Pamoja na hayo, nyuki wenyewe ni sababu ya kuuhifadhi msitu. Vichaka vya Itigi ni vya namna ya pekee: miti mifupi iliyosongamana, yenye urefu wa mita kama 3 hadi 5, inayopukutisha majani wakati wa kiangazi. Nje ya Tanzania, vichaka vya jamii hii vinajulikana huko Zambia, karibu na ziwa Mweru Wantipa. Vichaka hivi hufyekwa kwa ajili ya mashamba, kuni na mkaa. Mwenye mizinga ana sababu ya kuvitetea kwa kuwa maua yake ndiyo ghala lake. Lakini hawezi kuvitetea kwa muda mrefu ikiwa gunia la mkaa humletea fedha mapema kuliko ndoo ya asali. Hapa ndipo alama yaweza kuwa na kazi ya kweli: ikiwa mnunuzi wa mjini atalipa zaidi kidogo kwa asali iliyothibitishwa kutoka katika vichaka vilivyo hai, bei hiyo ni ujira wa ulinzi. Asipolipa zaidi, alama inabaki pambo.

Zao la pili ni alizeti. Linavumilia ukame, mafuta yake ni chakula cha taifa ambalo bado hununua sehemu kubwa ya mafuta ya kula kutoka nje, hasa ya mawese ya Asia, na mashudu yake hulisha mifugo. Tena alizeti huhitaji nyuki ili maua yachavushwe na mbegu zijae. Mkulima akipulizia dawa ya wadudu wakati maua yamechanua, anaua watumishi wa shamba lake na mali ya jirani yake mwenye mizinga. Kwa hiyo haiwezekani kuandika alama ya kweli juu ya asali ya Singida bila kuuliza habari za shamba la alizeti lililo ng'ambo ya kijito, kwa maana nyuki hawajui mpaka wa shamba.

Zao la tatu ni nyama. Kuku wa kienyeji anayejitafutia wadudu na makombo hahitaji chakula kilicholimwa mbali. Ng'ombe wa mfugaji hula majani mahali ambapo mara nyingi mahindi yasingestawi. Lakini wanyama hawa hukua polepole, na hesabu ya kila kilo ya nyama huwaonyesha kuwa na madhara makubwa ya hewa kuliko wale wanaononeshwa haraka. Je, hesabu hiyo ni ya uongo? Hapana, kwa upande wa gesi ina ukweli wake, na mifugo ikizidi uwezo wa malisho huiacha ardhi uchi. Lakini si ukweli wote. Herufi moja haiwezi kubeba mambo yote hayo, na mwenye kuisoma duniani kote atadhani ameambiwa kila kitu.

5. Hatari ya wastani

Mwaka 2018 watafiti Joseph Poore na Thomas Nemecek walichapisha katika jarida la Science uchunguzi uliokusanya habari za mashamba yapatayo 38,700 katika nchi 119. Watu wengi wanakumbuka kutoka kwake kwamba nyama ya ng'ombe ina madhara makubwa kuliko maharage. Lakini jambo lililosisitizwa sana na waandishi hao lilikuwa jingine: wazalishaji wa chakula kilekile hutofautiana mno, kiasi kwamba madhara ya mmoja yaweza kuwa mara nyingi ya yale ya mwenzake. Mwaka 2022 uchunguzi mwingine uliohusisha Chuo Kikuu cha Oxford ulikadiria madhara ya vyakula zaidi ya 57,000 vya madukani Uingereza na Ireland. Ili kuweza kupima vingi hivyo, watafiti walitegemea makadirio ya viungo na wastani wa madhara yake.

Tunaona basi mtego. Kumpima kila mkulima ni ghali mno. Kutumia wastani ni rahisi, lakini wastani haumwoni mtu. Mfuga nyuki aliyeacha kuchuna magome na yule anayeendelea kuchuna hupewa alama moja, na hapo yule wa kwanza hana sababu ya kuendelea na jitihada yake. Alama inayotegemea wastani humsaidia mlaji kuchagua kati ya maharage na nyama, na hilo ni jambo la maana. Haimsaidii kuchagua kati ya mkulima na mkulima. Kwa mkoa kama Singida, ambako watu hawatafuti kubadilisha zao bali kulitunza vizuri zaidi, msaada ulio mkubwa ni huo wa pili.

6. Nani analipa?

Alama ina gharama: safari za wakaguzi, vipimo vya maabara, uwekaji wa kumbukumbu, chupa mpya na vibandiko. Kwa kawaida anayelipa kwanza ni mzalishaji, kabla hajajua kama bei itapanda. Masharti nayo hubadilika mbali naye. Kanuni ya Umoja wa Ulaya namba 2018/848, iliyoanza kutumika tarehe 1 Januari 2022, inataka vikundi vya wakulima wadogo wanaothibitishwa pamoja viwe na hadhi ya kisheria na visizidi wanachama 2,000 kila kimoja. Kusudi lake ni kuufanya ukaguzi uwe wa kweli. Lakini ushirika ulio mkubwa kuliko hapo hulazimika kujigawa na kuandika upya karatasi zake zote, na gharama hiyo haionekani dukani.

Kuna pia tatizo la nyumbani. Sehemu kubwa ya chakula chetu hakiuzwi kikiwa kimefungashwa. Mama mwenye fedha kidogo hununua mafuta ya kupima kutoka katika dumu, na vitunguu kwa fungu. Kibandiko kilichokuwa juu ya dumu hakimfuati mpaka nyumbani. Ikiwa alama itabaki kwa chupa za maduka makubwa tu, tutakuwa tumewapa matajiri peke yao nafasi ya kuchagua, na wengine tutawaacha na chakula kisicho na shahidi. Kwa soko letu alama inayofaa ni ile inayoweza kukaa juu ya meza ya muuzaji au juu ya jina la kikundi, pamoja na daftari ambalo mnunuzi anaruhusiwa kulifungua.

7. Kipimo cha haki

Mpaka hapa msomaji aweza kuuliza kwa nini jambo hili liandikwe katika jarida la chuo cha theolojia. Tunajibu kwamba Maandiko yameingia sokoni kabla yetu. Walawi 19:35-36 na Kumbukumbu la Torati 25:13-16 hudai mizani na vipimo vya haki, na Amosi 8:5-6 huwashutumu wanaopunguza kipimo, kuongeza bei, na kuuza makapi ya ngano. Martin Luther, katika maandishi yake ya mwaka 1524 juu ya biashara, alieleza kwa wazi hila za wafanyabiashara wa siku zake, wakiwemo waliohifadhi pilipili na tangawizi mahali penye unyevu ili zizidi uzito. Na katika Katekisimu Kubwa ya mwaka 1529 aliiweka hila ya sokoni chini ya amri ya saba, pamoja na wizi.

Singida inaijua habari hii kwa jina la lumbesa. Sheria ya Vipimo haimruhusu mtu kufungasha mazao ya shamba kupita kilo 100 kwa gunia, lakini gunia la vitunguu limezoea kuongezewa kilemba juu ya mdomo wake, na mkulima hulipwa bei ya gunia moja. Wakala wa Vipimo umepambana na desturi hiyo kwa miaka mingi. Tunaitaja kwa sababu ina fundisho kwa habari yetu. Mahali ambapo uzito, unaoonekana kwa macho, bado unapotoshwa mchana, haifai kutazamia kwamba alama ya mambo yasiyoonekana itaaminika bila kazi kubwa. Tena mkulima anayepunjwa kwa lumbesa hana nafasi ya kupumzisha ardhi yake. Haki ya kipimo hutangulia haki ya alama.

Aidha, alama ya uongo huvunja zaidi ya amri ya saba. Inapodai wema usiokuwapo, humfanya mkulima mkweli aonekane mtu wa bei kubwa tu, na hivyo humshuhudia vibaya jirani. Kwa mafundisho yetu hiyo ni amri ya nane. Anayebandika neno la mazingira juu ya chupa anasimama mahali pa shahidi, ajue asijue.

8. Linalowezekana katika sharika

Hatupendekezi kwamba kanisa lianzishe alama yake. Msalaba juu ya kibandiko si ukaguzi, na mnunuzi akiuamini kana kwamba ni ukaguzi tutakuwa tumemdanganya kwa kitu kitakatifu. Tunaona, hata hivyo, mambo manne yanayowezekana.

Kwanza, tuanze na mnada wetu wenyewe. Katika sharika nyingi sadaka za mavuno huuzwa nje ya kanisa baada ya ibada: asali, kuku, alizeti, vitunguu. Hapo kanisa ni muuzaji. Si vigumu kwamba juu ya chupa ya asali yaandikwe maneno machache ambayo aliyeitoa yuko tayari kuyasimamia mbele ya majirani: kijiji ilikotoka, mwezi ilipirinwa, na aina ya mzinga. Maneno matatu yanayochunguzika ni bora kuliko sifa kumi zisizochunguzika.

Pili, wachungaji na wainjilisti waweza kuwasaidia wakulima kufahamu njia shirikishi ya Kilimohai na kuwaunganisha na wanaoisimamia. Vikundi vinavyokutana kila juma tayari vina desturi ya kuaminiana na kuandika kumbukumbu. Lakini mkaguzi asiwe mchungaji. Mchungaji akiwa mwamuzi wa shamba, atapata taabu ya kuwa mfariji wa mwenye shamba.

Tatu, wafuga nyuki na wakulima wa alizeti wa eneo moja waletwe kwenye meza moja. Makubaliano ya kutopulizia dawa wakati wa maua hayahitaji fedha za kigeni, nayo ni msingi wa alama zote mbili.

Nne, washarika wanaoishi mijini wafundishwe kuuliza. Muuzaji anayeulizwa kila siku mafuta yametoka wapi atatafuta jibu. Asipoulizwa hana sababu ya kujua. Na anayeuliza awe tayari kulipa, kwa maana kudai asali isiyoua mti kwa bei ya asali iliyoua mti ni kumtaka mtu maskini agharimie dhamiri yetu.

Hitimisho

Tumeona kwamba alama za mazingira si muujiza. Nchi tajiri zimejaribu kuhesabu kila kitu na kuchoka, au zimehesabu kwa wastani na kumpoteza mkulima machoni. Tumeona pia kwamba Afrika Mashariki ina kiwango chake na alama yenye jina letu, na kwamba njia ya majirani kukaguana, pamoja na udhaifu wake, iko karibu na hali zetu. Kwa Singida jambo linalosubiri jibu si dogo. Vichaka vya Itigi vikishafyekwa havitarudi kwa sababu ya kibandiko kizuri, na mfuga nyuki aliyegeukia mkaa harudi kwa mahubiri peke yake. Anarudi ikiwa ukweli wa kazi yake unajulikana na kulipwa.

Basi tunapoagizwa kutunza bustani (Mwanzo 2:15), tusidhani agizo hilo huishia kwenye kitalu cha miti nyuma ya nyumba ya mchungaji. Linafika sokoni, kwenye mizani, na kwenye maneno machache yaliyoandikwa juu ya chupa. Maneno hayo yakiwa kweli, mlaji wa mbali na mlinzi wa msitu wanakuwa majirani, ingawa hawajapata kuonana.